Yule wa Katikati

Tulipokuwa tukitoa vitu vya mama baada ya mazishi, wifi yangu alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, na kabla hajainua kifuniko vizuri harufu ya naftalini ikajaa chumba kizima. Alikunja pua, akafungua dirisha. Mimi nilitoka nje. Nilisimama kando ya tangi la maji nikiwa nimeweka simu sikioni, nikijifanya kuna mtu naongea naye, mtu mzima mwenye watoto wawili, na huku moyo unanienda mbio kama wa mtoto aliyeitwa na daktari.

Kwenu wa rika langu, pengine vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo vinawakumbusha blanketi za wageni, au koti la baba la kuendea harusi. Kwangu mimi ni harufu ya dada yangu Mwende, ambaye sikuwahi kumwona.

Tulikaa Machakos mjini, nyuma ya soko, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka moja la vitambaa, na mimi nilikua nikiusikia mlio wake kama watoto wengine wanavyosikia redio. Baba alifanya kazi kiwanda cha saruji huko Athi River, akija nyumbani Jumamosi na vumbi jeupe kwenye nyusi ambalo hata akioga halikuisha. Kaka yangu Mutinda alikuwa shule ya bweni. Kati yake na mimi palikuwa na pengo kubwa la miaka, pengo la kutosha mtoto mzima, na mtoto huyo alikuwa Mwende.

Picha yake ilitundikwa ukutani juu ya redio. Ni picha ya studio: msichana amesimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, amevaa sweta ya manjano, ameshika ua la plastiki. Chini ya sikio la kushoto ana kidoa cheusi cha kuzaliwa. Mimi pia ninacho, mahali hapo hapo. Kwa muda mrefu nilijua kuwa yule ni mimi. Mgeni akiingia nilimvuta mkono nikamwonyesha, nikamwambia hapa nilipigwa picha. Mgeni alimtazama mama, mama akainuka kwenda kuangalia chai, na hapakuwa na mtu aliyenisahihisha.

Aliyenisahihisha ni Mutinda, likizo moja, akiwa anapaka viatu rangi. Alisema bila kuinua kichwa kwamba yule si mimi, yule ni Mwende, alikuwa kabla yangu. Nilimuuliza mama, Mwende ni nani. Mama akatoka kwenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa zinadondosha maji. Nikabaki na neno moja tu la kaka yangu, *kabla*. Nililielewa kama mtoto anavyoelewa: kwamba kuna kiti, mtu alikikalia, akaondoka, nami nikaja nikakaa.

Kila nilipokua kidogo, mama alifungua lile sanduku. Alitoa gauni moja, au sketi na blauzi, akaifungua mikunjo polepole, akaisogeza usoni mwake kwanza kabla ya kunivika. Alivuta pumzi ndefu humo kitambaani. Nilidhani ni jambo ambalo mama wote hufanya. Nguo hizo zilikuwa na mapindo yaliyoshonwa zamani na alama za madoa ambayo sikuyaleta mimi. Nilipozivaa, Anti Ndinda, dada mdogo wa mama kutoka Kangundo, alinizungusha akanitazama akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni kopi. Kopi kabisa." Na jina langu je? Mimi ni Kasyoka, na kwa Kikamba kusyoka ni kurudi. Mtoto anayeitwa hivyo anajua tangu mapema kwamba kuna mahali alitoka akarudi. Anachokosa kujua ni wapi.

Hata bibi yangu, ambaye tulimwita susu, aliniita Mwende kila tulipomtembelea Kangundo, halafu akajikamata, akasema ni uzee. Shamba lake lilikuwa la kahawa, lenye mteremko mkali na miti ya parachichi pembeni. Niliruhusiwa kucheza kote isipokuwa upande mmoja wa chini, ambako nilikatazwa kabisa kwa sababu kulikuwa na nyoka. Mama mwenyewe hakuwahi kukanyaga upande ule. Alipokuwa kwa susu alikaa akiupa mgongo.

Sasa, mwaka huo ninaouzungumzia, redio ilikuwa imetangaza habari ya kondoo. Wengi wenu mtakumbuka. Wataalamu wa ng'ambo walikuwa wamemtengeneza kondoo kutoka kwa kondoo mwingine, bila dume, wakapata yule yule mara ya pili. Sokoni watu walicheka kwa siku nyingi. Waliulizana kama nyama yake inalika. Lakini Mutinda alirudi likizo hiyo akiwa hacheki. Shuleni kwao wavulana walikuwa wakipokezana kitabu kilichong'oka jalada, cha hadithi fupi za kisayansi: watu wanaoishi chini ya bahari, mashine zinazosoma ndoto, na moja ambayo kaka yangu aliipenda kuliko zote, ya binadamu aliyenakiliwa.

Alitusimulia mimi na Zuhura. Zuhura alikuwa mtoto wa jirani yetu Mama Zuhura, ambaye watu wake walitoka pwani zamani, na ambaye kila asubuhi alikaanga mahamri yaliyofanya uwanja mzima unukie iliki. Tulikaa kwenye ngazi ya nyuma, Mutinda akifua mashati yake ya shule katika beseni, na huku anafua anasimulia. Alikuwa msimulizi mzuri sana. Alijua mahali pa kunyamaza akakamua shati.

Ilikuwa hivi. Katika mji usio na jina, tajiri mmoja na mkewe walifiwa na binti yao wa pekee. Kabla hajazikwa, daktari alipitisha pamba mdomoni mwake, akaitia ile pamba ndani ya chupa ya kioo. Katika chupa hiyo, ndani ya maji ya moto kidogo kama maziwa ya mtoto, akamkuza msichana mwingine. Alipotoka alikuwa ni yule yule, mpaka meno, mpaka kidoa cha mgongoni. Wazazi walimlaza kitanda kile kile, wakamvika nguo zile zile, na hawakumwambia. Lakini nakala, alisema Mutinda, ina sheria moja. Haiwezi kupita umri wa yule wa kwanza. Siku itakapomfikia, inazima. Haiumwi, hailii. Inazima tu, kama taa ya koroboi mafuta yakiisha. Na daktari anakuwa tayari ameshapitisha pamba nyingine.

Zuhura aliuliza nakala inakula chakula gani. Mutinda akasema chakula cha kawaida. Zuhura akaridhika. Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa nimeweka kidole chini ya sikio langu la kushoto, na sikukiondoa mpaka giza lilipotaka kuingia na tukaitwa ndani.

Tangu siku hiyo kila kitu nyumbani kwetu kilikuwa na maana. Nilielewa kwa nini sikuwa na picha ya utotoni: mtoto wa chupa anapigwaje picha? Nilielewa kwa nini mama alizinusa zile nguo, alikuwa akikagua kama bado ni yeye. Nilielewa kopi. Na nilielewa hospitali. Maana mimi nilipelekwa hospitali kuliko mtoto yeyote niliyemjua. Wenzangu wakiumwa na koo walipewa maji ya ndimu wakaambiwa wakacheze. Mimi koo ikiniwasha kidogo, mama alifunika cherehani, akanishika mkono, tukapanda kwenda. Huko daktari aliweka chuma baridi kifuani mwangu akasikiliza kwa muda mrefu macho yakiwa juu, na mama amesimama kando haoneshi hata kupumua. Nilifikiri anasikiliza kama mashine bado inafanya kazi.

Kilichonitisha zaidi ni sanduku. Kila mara mama alipotoa nguo, niliona ndani yake, na mwaka huo niliona linakwisha. Palibaki gauni moja la kijani, kisha gauni likatoka. Halafu baridi ilipoanza, ile ya katikati ya mwaka ambayo ukungu unakaa juu ya vilima vya Iveti mpaka saa tano, mama alitoa sweta ya manjano. Ile ya pichani. Chini yake palikuwa na bati tupu na vidonge vyeupe vikibingirika. Baada ya sweta hapakuwa na nguo nyingine, kwa hiyo baada ya sweta hapakuwa na Mwende, na mimi nilijua hesabu hiyo inaishia wapi.

Mikono ya sweta ilikuwa mirefu kidogo. Pichani, mikono inaishia juu tu ya kifundo, mfupa unaonekana. Nilianza kupanda kwenye stuli kila mama alipokuwa sokoni, nikaweka mkono wangu kando ya mkono wa picha. Bado. Bado kidogo. Wakati huo huo mama naye alibadilika. Alianza kunikataza kukimbia. Mara nyingi nilimkuta akinitazama nikila, kijiko chake kimesimama hewani. Nikikohoa, cherehani ilinyamaza hata kama alikuwa veranda na mimi niko barabarani. Sikujua wakati ule kwamba mama yangu hakuwahi kusikia ile hadithi ya Mutinda, na bado alikuwa akiishi ndani yake kama mimi.

Kisha nikaamka na koo inayouma kweli. Nilijaribu kuificha, lakini sikuweza kumeza uji. Mama alinipeleka hospitali tukitembea haraka kwenye ukungu, na safari hii daktari alikuwa mwingine, kijana, mpole. Aliniambia nifungue mdomo niseme aa. Akachukua kijiti chenye pamba, akakipitisha nyuma ya koo langu, akakitia ndani ya chupa nyembamba ya kioo. Akaziba. Akaandika kitu kwenye karatasi akaibandika, akamwambia mama arudi baadaye kwa majibu. Mama akasema asante daktari.

Sikulia. Nilikumbuka kuwa nakala hailii.

Nilipofika nyumbani nilimtafuta Zuhura. Alikuwa akitwanga iliki kwa mama yake, nikamwita nyuma ya choo ambako hatungesikika. Nilimweleza kwamba mimi nitazima hivi karibuni na kwamba wa tatu ameshaanza kutengenezwa, nimeiona chupa. Zuhura alifikiria. Hakunibishia, alikuwa rafiki wa namna hiyo. Aliuliza kama wa tatu atamjua. Nikasema hapana, itabidi waanze upya.

"Mwambie kulikuwa na mwingine," nilimwambia. "Mwende wa kwanza wanamjua. Wewe mwambie kulikuwa na mimi hapo katikati."

Zuhura alisema atamwambia. Akanipa kipande cha hamri la baridi alichokuwa nacho, nikashindwa kukimeza kwa sababu ya koo, nikakishika tu mkononi mpaka mafuta yakaingia kwenye mistari ya kiganja.

Mtu akiniuliza leo huzuni yangu ya kwanza ilikuwa ipi, nitasema ni hiyo. Kufa kwenyewe sikukuogopa sana, Mutinda alikuwa ameshasema hakuumi. Nilisikitika kwamba nitakapoondoka hakuna pengo litakalobaki. Atakuja mwingine avae sweta ile ile, alale kando ya ukuta ule ule, mama amwite Kasyoka, na dunia iendelee bila mtu yeyote kuona kwamba kuna mmoja aliyepotea njiani.

Siku iliyofuata mama aliniacha kitandani, akaenda sokoni kumalizia sare za wateja, akamwomba Mama Zuhura anichungulie. Nilipanda stuli. Nikaweka mkono wangu kando ya mkono wa Mwende. Sweta iliishia juu tu ya kifundo. Mfupa wangu na mfupa wake ilikuwa sawasawa.

Niliteremka. Nikaosha miguu kwenye karai kwa sababu sikutaka kuchafua shuka. Nilikunja sketi yangu ya shule nikaiweka kwenye kiti pamoja na soksi, ili wa tatu asihangaike kutafuta. Kisha nikalala chali, mikono imenyooka, sweta imefungwa vifungo vyote, nikafumba macho nikangoja. Nje nilisikia mtu akipiga kelele za kuuza parachichi, na mafuta ya kukaangia ya Mama Zuhura yakichemka. Nilijaribu kuvisikia vyote kwa sababu ndiyo mara ya mwisho.

Mama alirudi mapema akiwa na dawa mkononi. Alisimama mlangoni. Kwa miaka mingi nimejaribu kuona alichokiona: mtoto amelazwa chali mwenye sweta ya manjano, amenyoosha mikono, hatingishiki. Alitoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu, nami nikafungua macho.

"Kasyoka. Mbona umelala hivyo?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Kuzima." Na kwa kuwa uso wake ulikuwa umebadilika rangi, nilitaka kumsaidia. "Usilie mama. Lakini yule mwingine akikuja, mpe jina lake."

Aliuliza mwingine nani. Nikamweleza. Nilianza na kondoo, nikaja kwa tajiri na mkewe, pamba, chupa, sheria ya umri, sanduku lililokwisha, mkono wa sweta. Nilimweleza kwa utulivu, nikiona kwamba yeye ndiye mwenye siri na kwa hiyo hana haja ya kushangaa. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba atacheka. Hakucheka. Aliteremka polepole mpaka akakaa chini sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, dawa bado mkononi.

Halafu alisema, "Mwende alikufa. Sikiza mimi. Alikuwa mtoto wangu, akakufa, na hakuna mahali alienda akarudi. Wewe nilikuzaa. Ulitoka hapa kwa tumbo yangu kama huyo mwingine, na uliniuma kuliko yeye."

Nilimuuliza kwa nini basi ananusa zile nguo.

Akajibu kwamba alikuwa akimtafuta. Alisema nilipozaliwa na akaona kile kidoa chini ya sikio, alimwambia Mungu asante, umenirudishia, na hilo jina akanipa akiwa na wazimu wa furaha. Miaka yote hiyo alikuwa akiniangalia akitazama nyuma yangu, kama mtu anayechungulia dirishani. Sikumbuki maneno yake yote, lakini hilo la dirisha ni lake.

"Na mimi nitakufa?" nikauliza.

Mama angeweza kusema hapana. Mimi nina watoto sasa, na mimi ningesema hapana. Yeye akasema, "Sijui, mwanangu. Koo yako ikiuma, mimi pia naona kama hiyo hadithi ni ya ukweli."

Ndipo akanieleza. Mwende aliumwa koo, ikapoa yenyewe, hakuna aliyejali. Baadaye magoti yakaanza kumuuma, leo hili, kesho lile, na watu wakasema ni kukua. Halafu akawa anachoka. Wakienda kwa susu, alikuwa anachuchumaa katikati ya mteremko na kusema anaangalia siafu. Mama alimwambia aache uvivu. Walipofika kwa daktari, moyo ulikuwa umeshaharibika, ugonjwa ulikuwa umetoka kooni ukaingia huko. Mama alipofika hapo aliweka dawa chini na kushika miguu yangu iliyooshwa, akaishika kwa nguvu mpaka ikaniuma.

Nilimuuliza Mwende alikuwaje. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuulizwa swali hilo nyumbani kwetu. Mama akasema alikuwa na kelele. Alipiga mluzi kwenye pengo la jino. Alikataa maharagwe. Alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, na walimu walimsumbua kwa hilo. Nikauinua mkono wangu wa kulia nikautazama. Huo ndio niliotumia kuandika, kula na kutupia mawe. Nilifurahi, halafu papo hapo furaha ikakatika, kwa sababu kama mimi si yeye, basi yuko wapi?

Majibu ya hospitali yalikuja, nikanywa dawa, koo ikapona. Jumapili moja baba na mama walinipeleka Kangundo. Tulifika kwa susu, hatukukaa kunywa chai, tukashuka ule upande wa nyoka. Mama alitangulia. Kulikuwa na mahali pasipopandwa kahawa, udongo umeinuka kidogo, msalaba wa mbao umeinama, magugu kila mahali. Baba alikuwa amekuja na jembe. Alipalilia kwa uangalifu sana, kama anayenyoa mtoto, na vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi zake. Niliona ni padogo. Nilipima kwa macho nikaona kwamba mimi ningetosha hapo kamili, na nikaona pia kwamba nafasi imeshachukuliwa. Nililia siku hiyo, na kwa mara ya kwanza nililia kwa ajili yake na si yangu.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo nyumba ilijaa nuru. Haikuwa hivyo. Mama alianguka kwenye majonzi yaliyokuwa yamemngoja miaka yote. Alilia waziwazi, jikoni, kwenye cherehani, kanisani. Sare za watu zilikaa bila kushonwa, na Mama Zuhura ndiye aliyetulisha. Alikuja na sinia limefunikwa, akakaa na mama kitandani akimpapasa mgongo na kumwambia, "Lia dada yangu, mbona ulichelewa kumlilia." Mimi nilikaa mlangoni nikifikiri kwamba nimemuua Mwende. Alikuwa hai ndani ya nyumba ile mpaka nilipofungua mdomo.

Mama alipoinuka tena, alininunulia sweta mpya ya buluu. Hakuinusa. Alinivika, akanifunga vifungo, akanitazama usoni, mimi, kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, na kwa mara ya kwanza niliona ana haya kidogo mbele yangu, kama watu wanaofahamiana upya. Niliichukia ile sweta kwa muda. Ilinuka duka tu, haikunuka mtu.

Mutinda hakupigwa. Baba alimwita nje tu aliporudi likizo, wakazungumza wakiwa wamesimama, na kaka yangu akarudi ndani akapita bila kunitazama. Hakusimulia hadithi tena. Si ile, si nyingine yoyote. Tulikuwa na msimulizi katika nyumba yetu na tukampoteza pia, na leo ni mhasibu anayekaa Syokimau, mtu mkimya ambaye watoto wake hawajui kwamba angeweza kunyamazisha uwanja mzima kwa kukamua shati.

Nimesoma hadithi nyingi za namna hiyo tangu nilipokuwa mkubwa. Nazitafuta. Kuna daktari kila mara, kuna maabara, kuna mtu anayegundua kuwa yeye ni wa pili akatoroka. Mimi husoma nikimtafuta mama. Nataka kujua nani alimfunga vifungo, na alikuwa akimwona nani alipofanya hivyo. Mara nyingi hayumo.

Nilimwambia Mutinda hivyo wakati mmoja, tukiwa watu wazima, nikamuuliza kama anakumbuka kile kitabu kilichong'oka jalada. Alikumbuka. Aliniambia jambo ambalo alikuwa amelibeba kwa muda mrefu: kwamba sheria ya umri haikuwa kitabuni. Aliitunga yeye.

"Kwa kitabu, yule wa pili aliishi," alisema. "Aliolewa, akapata watoto, wazazi wakasahau kabisa kulikuwa na mwingine. Ilinishinda kuwasimulia hiyo. Mimi nilikuwa namjua Mwende."

Nilimwambia sawa. Yeye alikuwa akimlinda wa kwanza asisahaulike, na mimi nilikuwa nikimwomba Zuhura amlinde wa katikati, uwanja ule ule, mwaka ule ule, na hatukujuana.

Mama aliumwa kwa muda mrefu kabla ya kututoka. Mwishoni akili ilikuwa inakuja na kwenda. Alimwita Mutinda kwa jina la baba. Mke wa Mutinda kwake alikuwa Ndinda, na daktari aliyekuja nyumbani alisalimiwa kama mteja, akiulizwa kama amekuja kuchukua suruali. Kila mtu alinitazama kwa huruma, wakijua jina litakaloniangukia mimi siku moja. Mutinda alinishika bega akaniambia nijitayarishe, na ikitokea nimwitikie tu, isimsumbue. Nilikuwa nimeshaamua nitaitika.

Sikuhitaji. Mimi hakunikosea hata mara moja. Aliita "Kasyoka, maji." "Kasyoka, funga dirisha." Hata alipokuwa hamjui mtu mwingine chumbani, alinijua mimi, na nilipomgeuza alinitazama usoni, hapa hapa, si nyuma yangu.

Siku chache kabla ya mwisho, mchana, nikiwa nampaka mafuta mikononi, aliniuliza, "Kasyoka, Mwende yuko wapi?"

Nikamwambia yuko Kangundo, kwa susu, upande wa chini wa kahawa.

Alifikiria. "Peke yake?"

"Peke yake, mama."

"Basi nipeleke huko," akasema, na akanipa mkono ule mwingine nimpake.